Mtoto wa Kusomewa

Mama unayemsomea mwanao kitabu kila siku, ukimwona ametulia anakusikiliza ukajisemea moyoni kwamba hapo umepata mtoto, hebu kaa kidogo usikie yaliyomfika Marlys Deaver. Sisemi usimsomee. Nasema usikie tu.

Marlys alikuwa amechoka hata kabla mwaka wa masomo haujaanza. Mwezi wa nane ule pichi ziliiva zote kwa mpigo, nyanya zikawa zinapasukia shambani, na juu ya hayo akina mama wa Ushirika wa Alhamisi wakamtwika mzigo ambao hakuna mwingine aliyeutaka: kozi ya Kiingereza ya vijana wakubwa. Ushirika wenyewe ulikuwa wa familia chache zinazosomesha watoto nyumbani. Kila Alhamisi walikutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa, huyu akafundisha hesabu, yule sayansi, mwingine kuimba. Mama aliyekuwa akifundisha Kiingereza alihamia Oklahoma na mumewe. Ndipo Glenda Prewitt, kiongozi wao, alipogeuza shingo akamtazama Marlys.

"Dada Marlys, wewe vitabu unavinywa kama maji."

"Mimi niliishia darasa la nane, dada Glenda."

"Na Tirzah wako anaongea kama kitabu. Kafundishwa na nani? Na mimi?"

Wenzake wakacheka, Marlys naye akacheka, na kozi ikawa yake.

Ni kweli aliishia darasa la nane. Watu wa kanisa la baba yake hawakuona haja ya zaidi. Ukimaliza hapo unaenda kukamua ng'ombe. Kwa hiyo alipopata watoto wake mwenyewe aliwasomea kama mtu anayelipa deni. Asubuhi baada ya kifungua kinywa, mchana baada ya vyombo, na siku za theluji kutwa nzima. Akishamaliza sura, Tirzah alikuwa akiisimulia upya, kwa mpango na kwa maneno mazuri kuliko ya kitabu, na Marlys akaweka alama ya juu. Kila siku Tirzah alinakili ukurasa mmoja kwa mkono, na mwandiko wake ulimpatia utepe wa buluu kwenye maonyesho ya wilaya. Sarufi waliifanya kwa mdomo huku wakiosha vyombo. Hakuna aliyekuja kuuliza kitu. Jimbo lao la Missouri halidai mtihani kwa wanaosomea nyumbani, na wao walipapenda hapo kwa sababu hiyo.

Tirzah alipokuwa mdogo na herufi zikamsumbua, akina mama walimtuliza Marlys. "Mtoto atasoma akiwa tayari, usimsukume." Hakumsukuma. Baadaye akamwona kila wakati ana kitabu mapajani, akajua kwamba amekuwa tayari. Sasa binti alikuwa na miaka kumi na mitano, na ndoto yake ilikuwa moja tu: kuwa msaidizi wa Dokta Amsler, daktari wa mifugo. Tayari alikuwa akimshikia ndama siku za Jumamosi. Dokta alisema atamwajiri kabisa akipita mafunzo ya chuo cha mjini, na chuo kile hupokea vijana waliosomea nyumbani wakifaulu mtihani wa kuingilia.

Kisha sauti ya Marlys ikakatika. Ilianza kukwaruza, ikawa inazimika katikati ya sentensi, mwisho ikagoma. Daktari wa koo alimpitishia kamera puani akatikisa kichwa.

"Nyuzi zako za sauti zimeota vinundu. Wewe ni mwimbaji?"

"Ni mama."

"Wiki mbili usitoe sauti. Hata kunong'ona usinong'one."

"Lakini nina kozi ya kupanga!"

"Panga kimyakimya," daktari akasema, akaosha mikono.

*

Nyumba ikawa kimya mpaka saa ya ukutani ikasikika. Marlys aliazima ubao mdogo wa Junie, kitinda mimba wa miaka saba, akawa anatembea nao kwapani kama mkoba. Akitaka kitu anaandika, anauinua.

Siku moja alitia mikate kwenye jiko, akamfuata Tirzah aliyekuwa amekaa ngazini akimfunga mbuzi bandeji mguuni. Akainua ubao: *Nakwenda kuchuma nyanya. Mikate ikiwa ya kahawia, itoe.*

Tirzah alitazama ubao, akamtazama mama yake usoni, akatazama kikapu cha mayai kilichokuwa mlangoni. Akatabasamu.

"Sawa, Mama."

Akamwachia mbuzi, akachukua kikapu, akaelekea bandani.

Marlys aliporudi na ndoo ya nyanya alipokewa na moshi. Hakuweza kupiga kelele, basi akachukua mwiko akaligonga sufuria kama anafukuza nyuki. Tirzah akaja mbio, mayai yanagongana kikapuni.

"Mama! Nilidhani umesema mayai."

Marlys akaandika kwa hasira mpaka chaki ikakatika: *NILIANDIKA MIKATE.*

Binti aliuangalia ule ubao kama mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani, asijue kama anauma. Halafu akasema, "Samahani. Nilikuwa nawaza mambo mengine," akaanza kufungua madirisha.

Jioni baba yao, Vernon, alirudi na lori lake la kukusanyia maziwa, akakata kipande cha mkate, akakigeuza huku na huku.

"Leo tunakula tairi?"

Tirzah ndiye aliyecheka kuliko wote. Marlys aliliona hilo, akaliacha lipite. Msichana wa miaka kumi na mitano, akajisemea, kichwa chake kiko kwa ndama.

*

Kupanga kozi si kazi ya kuandika majina ya vitabu. Lazima ujue kijana anasoma kurasa ngapi kwa kikao, ndipo ugawe wiki, ndipo upange insha ziangukie wapi. Marlys alikuwa amechagua riwaya ambayo hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kuisikia, hadithi ya mjane aliyelinda mnara wa taa. Alinunua nakala mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake ya kuandika pembeni. Akaona ni rahisi: Tirzah amsomee Junie sura ya kwanza, yeye apime muda.

Akainua ubao jikoni. Safari hii kabla Tirzah hajajibu, Junie alirukia.

"Mama anasema unisomee sura ya kwanza ya kitabu kipya, barazani, naye ataangalia saa!"

"Sasa hivi?" Tirzah akauliza.

Marlys akaitikia kwa kichwa.

"Joto lote hili?"

Marlys akaonyesha mlango.

Wakakaa kwenye bembea ya barazani, dirisha la wavu likiwa kati yao na mama. Marlys alikuwa amesimama mbele ya jiko, pichi zinachemka katika sharubati, nakala yake imeegemea chupa tupu. Akasikia kurasa zikifunguliwa. Akasikia Tirzah anakohoa kidogo.

"Palikuwa na mjane aliyelinda mnara wa taa," Tirzah akaanza, "na usiku wa dhoruba hakuwa na mwenzake ila mbwa mmoja mweusi, aliyejua kuhesabu mawimbi."

Marlys akatabasamu. Mwanzo mzuri. Akainamia nakala yake auone, asiuone. Kitabu chake kilianza na habari za mshahara wa mlinzi na mapipa ya mafuta ya taa. Akadhani amefungua pasipo, akarudisha nyuma. Ulikuwa ni ukurasa wa kwanza.

Nje, Tirzah aligeuza karatasi kwa wakati wake, si haraka, si polepole. Mbwa yule alikuwa sasa anashuka ngazi za mnara. Marlys alipekua sura nzima kwa vidole vyenye sukari. Humo hamkuwa na mbwa. Akafunga kitabu, na hapo juu ya jalada akamwona: mnara, mwanamke mwenye shali nyeusi ya ujane, na mbwa mweusi miguuni pake.

Alisimama hapo na mwiko mkononi. Hadithi iliyokuwa ikiingia dirishani ilikuwa nzuri, nzuri hasa, na ilikuwa inasomwa kwa sauti ya Marlys mwenyewe. Mtoto alishusha pumzi pale anaposhusha yeye. Alivuta neno la mwisho kabla ya kugeuza ukurasa kama anavyolivuta yeye. Alikuwa amejifunza kila kitu cha kusoma isipokuwa kusoma.

"Tirzah," Junie akasema, "hapa pameandikwa Bwana Harlan. Mbona unasema mbwa?"

"Nyamaza, nitakupa bigijii."

"Ile ya juzi hujanipa bado."

Marlys akafungua mdomo amwite binti yake, na hakuna kilichotoka. Sharubati ikafura, ikamwagikia moto, jikoni kukanuka sukari iliyoungua.

Baadaye alimvuta Junie pembeni ya kabati, akaandika: *Tangu lini?*

"Tangu lini nini?"

*Tirzah.*

Junie akaangalia vidole vyake vya miguu. "Mimi namsomea vibao tu, Mama. Na karatasi ya dukani. Na chupa za dawa za mbuzi, ile ya kusema vijiko vingapi. Alisema ni mchezo wetu." Akainua macho. "Nimeharibu mchezo?"

*

Vernon alizoea kupita nyumbani mchana kula. Siku hiyo Marlys alimngoja kando ya lori, akavunja amri ya daktari, akanong'ona yote. Vernon alikuwa akitafuna huku anasikiliza, kisha akaacha kutafuna.

"Hasomi kabisa?"

"Maneno mafupi anayabahatisha. Mengine anamwangalia mtu usoni."

"Mbona anaandika vizuri vile?"

"Ananakili, Vernon. Hata mimi ukinipa Kichina nitanakili."

Akakaa kwenye ngazi ya lori. Alikuwa mtu mpole, asiyependa jambo likue. "Sikiliza, mke wangu. Mwalimu nani? Wewe. Mkuu wa shule nani? Wewe. Hati ya alama za sekondari anaandika nani, anaweka sahihi nani? Mpe A yake, amalize. Ana mikono ya dhahabu na ng'ombe. Nani atamuuliza?"

"Chuo kitamuuliza."

"Basi asiende chuo."

"Na chupa ya dawa? Kwa Dokta Amsler atamuuliza Junie?"

Vernon alilipapasa tairi la lori kama mtu anayempapasa mnyama. "Usimwambie mtu wa ushirika kwanza," akasema mwishowe. "Glenda atatufanya somo la Jumapili."

Hakumwambia mtu. Na hapa ndipo mama aliyechoka anapokosea mara ya pili, kwa sababu kosa la kwanza alilifanya bila kujua, hili alilifanya macho makavu. Alirudi kwenye meza ya jikoni, akauweka kando mpango wa kozi, akaanza mwingine. Mahali alipoandika kwamba wanafunzi watapokezana kusoma kwa sauti, akaandika kwamba mwalimu atawasomea. Penye insha ya darasani akaweka masimulizi ya mdomo. Penye maswali ya kujibu kwa maandishi akaweka majadiliano. Mashairi ya kukariri kwa kusikia. Mtihani wa mwisho, kila kijana atasimama ahutubie. Aliipanga wiki baada ya wiki, kwa uangalifu wa mtu anayeziba mashimo ya panya, mpaka pasiwe na siku hata moja ambayo Tirzah angepewa karatasi mbele za watu akaambiwa soma.

Hakumwambia Tirzah kwamba anajua. Walipishana jikoni, wakatazamana, wakapeana chumvi. Binti alikuwa anamwogopa mama, mama anamwogopa binti.

*

Alhamisi ya kupitisha mipango, sauti ilikuwa imeanza kurudi, nyembamba na yenye mchanga. Akina mama walikaa kwenye viti vya chuma ukumbini, mabakuli ya viazi na jibini yakiwa yamefunikwa kwenye meza ndefu, vijana wakipanga vikombe. Marlys alisoma mpango wake wote. Alipomaliza, Glenda aliweka mkono kifuani.

"Dada Marlys! Ni kama zamani, familia imezunguka taa. Hakuna yale makaratasi ya shule za serikali ya kujaza nafasi zilizo wazi. Hawa wataelimika moyoni."

"Wangu mmoja atafurahi," alisema Charity Voss, mama wa mapacha. "Kuandika kwake ni kama kung'oa jino."

"Mtu aliyeishia darasa la nane!" mwingine akasema, akimpigia makofi, na Marlys akalipokea lile kofi la sifa kama kofi la shavuni.

Wakati huo Tirzah alikuwa amesimama na mnara wa vikombe mikononi. Aliviweka mezani kimoja kimoja, kwa taratibu mno.

Njiani kurudi, Junie alilala katikati yao kwenye pikapu. Walipita daraja, wakapita mashamba ya soya, ndipo Tirzah aliposema:

"Unajua."

Marlys akashika usukani kwa nguvu.

"Umepanga mwaka mzima nisishike kitabu. Sio mimi tu. Wote. Pacha wa Charity, watoto wa Glenda, wote wasiandike mstari, ili mimi nisionekane."

"Nilitaka kukusitiri, mwanangu."

"Umenisitiri sana, Mama. Nimesitiriwa mpaka dunia siioni." Akageukia dirisha. "Juzi Dokta Amsler aliniambia nimletee dawa kwenye kabati. Zilikuwa mbili, chupa zinafanana. Nilimletea zote mbili nikajifanya mikono ina shughuli, achague yeye. Ng'ombe yule alikuwa na mimba. Kama Dokta asingekuwepo ningemchoma ipi?"

Hapo Marlys akaegesha pikapu kando ya barabara. Panzi walikuwa wakilia majanini.

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hiyo, Tirzah. Mimi ni mama yako."

"Ulikuwa unasoma kwa raha." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa hasira. "Ukisoma ulikuwa mtu mwingine. Umechoka kutwa, unatukaripia, halafu unafungua kitabu uso unakunjuka. Nilipokuwa mdogo nilijaribu kukwambia. Ukasema, haya njoo, nitakusomea mimi. Nikaona hilo ndilo jibu."

Marlys akaitoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Naziona herufi," Tirzah akasema taratibu. "Sio kwamba sizioni. Lakini hazikai. Nikifika mwisho wa mstari, mwanzo umeshanitoka. Labda mimi ni mjinga tu."

"Usiseme hivyo tena ndani ya gari hili."

"Basi nipeleke kwa mtu anayejua ni nini."

Mtu wa hivyo alikuwa mmoja tu karibu, na Tirzah alijua, na mama yake alijua. Alikuwa katika shule ya serikali.

*

Alhamisi iliyofuata Marlys alisimama kabla ya sala ya chakula, vijana wakiwa nje uwanjani.

"Mpango wangu wa Kiingereza nauondoa," akasema. "Niliupanga vile ili kumficha Tirzah. Tirzah hajui kusoma. Nimempigia simu mwalimu wa kufundisha kusoma wa shule ya serikali, atampima Jumatatu. Watoto wenu wanahitaji kuandika. Mpango ule wa kwanza, wenye insha, nimeuleta huu hapa."

Ukumbi ukawa kama umemwagiwa maji baridi. Glenda ndiye aliyeanza.

"Hajui kusoma? Tirzah yupi?"

"Ninaye mmoja."

"Dada, huo ni uchovu. Sauti imekuumiza. Mtoto anaongea vile—"

"Anaongea. Hasomi."

Glenda alishusha sauti, na sauti yake ilipokuwa chini ndipo ilipouma zaidi. "Umefikiri unachokifanya? Unakwenda kugonga mlango wa serikali, unawaambia tazameni, wanaosomesha nyumbani wanalea mtoto mkubwa asiyejua kusoma. Kesho watagonga kwangu. Tungeweza kuliombea na kulimaliza hapahapa."

"Niliambiwa nisimsukume," Marlys akasema. "Hapahapa. Kwenye viti hivi."

"Sasa ni kosa letu?"

"Ni langu. Nilikuwepo kila siku."

Mtu akakohoa. Mwingine akafunua bakuli akalifunika tena. Glenda alizichukua karatasi, akazipanga kingo zilingane, na kwa upole wa kumwambia mgonjwa akasema pengine ingekuwa vema mwaka huu dada Marlys apumzike, kozi aichukue dada Charity, ambaye alifika mwaka wa pili wa chuo. Labda dada Marlys angependa kusaidia kupanga viti.

"Nitapanga viti," Marlys akasema.

Alipokuwa akivikunja baada ya chakula, Charity alimjia akajifanya anafuta meza iliyo karibu. Alifuta mahali pamoja mpaka pakang'aa.

"Huyo mwalimu wa Jumatatu," akasema bila kuinua uso, "wavulana wa miaka kumi na minne anawapima?"

Marlys akamtazama. Charity alikamua kitambaa chake ndani ya ndoo, akasubiri.

"Nitakuandikia namba yake," Marlys akasema.

*

Mwalimu wa shule ya serikali aliitwa Bi Lindell, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ofisi yake ilikuwa stoo iliyopakwa rangi. Alikaa na Tirzah asubuhi nzima. Marlys alingoja kwenye kiti cha watoto, magoti yakimgusa kidevu, huku walimu wakipita na kumsalimu kama mtu aliyeleta jokofu bovu.

"Nani alikuwa mwalimu wake wa kusoma?" Bi Lindell aliuliza alipowaita ndani.

"Mimi."

"Na kabla yako?"

"Hakuna wa kabla yangu."

Bi Lindell aliandika kitu. Hakukaripia, na pengine angekaripia ingekuwa nafuu. Alieleza kwamba kuna vichwa ambavyo ndani yake sauti na herufi haziungani zenyewe, lazima ziunganishwe kwa mkono, kipande kwa kipande, na kwamba Tirzah si mjinga hata kidogo. Mjinga asingeweza kudanganya watu kwa ustadi ule muda wote huo. Tirzah akacheka kwa pua. Ingekuwa rahisi akiwa na miaka sita, mwalimu akasema. Sasa itakuwa miaka miwili, labda zaidi. Mtihani wa chuo, mwaka huu usahau.

"Na Dokta Amsler?" Tirzah akauliza.

"Mwambie ukweli. Mwambie kila chupa unaisoma mbele yake."

Tirzah aliinamisha kichwa. Marlys alinyoosha mkono amguse, mwalimu akageukia kwake.

"Na wewe, mama. Kuna jambo nakuomba, na ni gumu. Akikwama kwenye neno, usimpe. Utaona anakuangalia mdomoni. Usimpe."

*

Mwezi wa kumi ulifika, soya zikavunwa, mashamba yakabaki mabua. Sauti ya Marlys ilikuwa imepona kabisa. Ushirika uliendelea, watoto wa Glenda walikuwa wakilalamikia insha, na mmoja wa mapacha wa Charity alionekana akiingia kwenye ile stoo iliyopakwa rangi. Nyumbani, asubuhi baada ya kifungua kinywa, Junie ndiye aliyesomewa, kurasa chache tu, na sharti asome na yeye. Tirzah alikuwa akienda shuleni kwa Bi Lindell mara tatu kwa wiki, akikaa kwenye viti vya watoto wa darasa la pili, akirudi amevimba uso kwa uchovu. Siku nyingine hakuongea na mtu mpaka usiku. Marlys alimsikia kupitia ukuta akigombana na silabi kama mtu anayefungua kifuniko chenye kutu.

Ijumaa moja walikuwa wanarudi, wote watatu kwenye pikapu, wakafika mbele ya duka la vyakula vya mifugo lenye ubao wa herufi za kubandika.

"Simama, Mama," Tirzah akasema.

"Hapa barabarani?"

"Simama."

Marlys akakanyaga breki. Ubao ulikuwa na mstari mmoja tu. Yeye aliusoma mara moja, bila kutaka, kama mtu anavyosikia jina lake.

"Chu," Tirzah akasema. Kidole chake kilikuwa kinapiga paja. "Chu... mvi. Chumvi."

Nyuma yao gari likasimama.

"Chumvi ya. Ya..." Neno la tatu likamgomea. Alilijia kwa mbele, akalijia kwa nyuma, jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisha, kama Bi Lindell alivyosema, akageuka akaanza kumwangalia mama yake mdomoni.

Junie, aliyekuwa katikati, alivuta pumzi kulisema. Marlys akamziba kinywa kwa kiganja, na midomo yake mwenyewe akaibana mpaka ikawa myeupe.

Gari la nyuma likapiga honi. Likapiga tena, refu. Mwanamume akatoa kichwa dirishani akauliza kama wamelala.

Marlys akazima injini.